Bolti Iliyobaki Mfukoni

Nyasi ya nepia ikikatwa asubuhi hutoa harufu tamu, karibu kama muwa, na ukiichanganya na petroli ya injini iliyowashwa kwenye baridi ya Agosti, unapata harufu ya utoto wangu. Kwetu ni nje kidogo ya Chaka, na mama yangu alikuwa na mashine ya kukatia nyasi ya ng'ombe. Baba alifanya kazi kwenye mashamba ya ngano kule Timau na alikuwa akija nyumbani mwisho wa mwezi, akikohoa vumbi. Kwa hivyo mashine ilikuwa ya mama, kutoka injini hadi visu. Majirani walileta nepia na mabua ya mahindi kwa mikokoteni ya punda, wakangoja zamu yao, na wengine hawakuficha kwamba walikuja pia kumwona mwanamke akilala chini ya injini, leso kichwani, akitaja namba za spana. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mitatu, nimemaliza muhula wa pili wa kidato cha kwanza, na nilimwonea mama yangu aibu. Nasema hivyo bila kuzunguka, kwa sababu nimezunguka vya kutosha.

Visu vya mashine ile vilikuwa viwili, vimefungwa kwenye gurudumu kwa bolti za namba kumi na saba. Mtetemo wa injini ulizilegeza kila siku, kwa hivyo kila asubuhi, kabla ya kuwasha, mama alizikaza moja moja huku mimi nikishika gurudumu lisizunguke. Agosti hiyo spana yake ya kumi na saba ikapanuka mdomo, ya kumi na nne ilikuwa imepotea, na akaamua kununua seti nzima. Angeenda mwenyewe, lakini ng'ombe alikuwa karibu kuzaa. Akanituma mimi Nyeri, kwa mzee aliyeuza vyuma kwenye kibanda pale Majengo, karibu na msikiti.

Mama alikuwa na njia yake ya kununua spana, na alinifundisha jioni nzima tukikamua. Usinunue kwa macho. Ishike kwanza, ujue uzito wake. Angalia namba: iwe imepigwa kwenye chuma chenyewe, isiwe ya rangi ya kupakwa. Hesabu kutoka nane mpaka kumi na tisa usikie kama kuna iliyorukwa, kwa sababu itakayokosekana ndiyo utakayoihitaji. Chagua zile zenye mdomo wazi upande mmoja na pete upande wa pili, maana pete hushika nati pande zote. Halafu, kubwa kuliko yote, nenda na bolti yako. Vaa spana kwenye bolti palepale dukani, uitikise. Ikicheza, irudishe, hata kama mwenye duka amekununia. Akatoa bolti moja ya akiba, imejaa grisi nyeusi, akaifunga kwenye leso na kunitilia kwenye mfuko wa sweta.

Mzee wa Majengo tulimwita Mzee Athumani. Alikuwa mtu wa kofia safi na vidole vyeusi, anayeongea Kiswahili kilichonyooka kuliko cha mwalimu wetu. Nilipofika, wasichana wawili wa darasa langu walikuwa wamesimama kibanda cha pili wakinunua viazi karai. Mmoja akaniita, "Ai, na wewe unanunua vyuma? Umekuwa fundi siku hizi?" Wakacheka. Hawakucheka vibaya hata, sasa ndio ninaelewa. Mzee Athumani akaninyooshea mkono. "Mwanawe yule mama wa mashine! Lete bolti tujaribu, binti." Nilikuwa nayo. Niliishika kupitia sweta, na grisi ilikuwa imeanza kupenya ile leso. Nikasema sikupewa bolti.

Aliweka seti mbili mbele yangu. Moja ilikuwa nyeusi, nzito, imefungwa kwa karatasi ya kaki. Ya pili ilikuwa inang'aa ndani ya sanduku la plastiki jekundu lenye kishikio, kama kitu cha kubebea vipodozi. "Hii nyekundu ni ya kufungia kitanda," akasema. "Ya mashine ni hii. Mama yako angechagua hii." Nikaangalia wale wasichana. Nikachukua sanduku jekundu. Akaniuliza mara mbili kama nina hakika, na mara ya pili nilimjibu vibaya.

Mama alilipenda lile sanduku. Aliuliza tu kama nilijaribu bolti, nikasema ndiyo, zinashika. Siku mbili spana zilifanya kazi. Asubuhi ya tatu nilikuwa nimeshika gurudumu kama kawaida, mama akavuta kwa nguvu, mdomo wa spana ukafunguka, na mkono wake ukaenda wote kwenye kisu. Hakupiga kelele. Alimwita Mungu kwa lugha yetu, "Ngai," kwa sauti ndogo, akaketi kwenye nyasi iliyokatwa, na nyasi ikabadilika rangi. Vidole viwili vya mkono wa kulia havikujikunja tena baada ya siku hiyo, mpaka leo.

Tukiwa kwenye benchi la zahanati aliniuliza tena, polepole, "Hii bolti, wewe ulijaribu kweli?" Hapo ndipo ningesema. Mlango ulikuwa wazi, mama mwenyewe alikuwa ameufungua. Nikasema, "Mzee alikataa. Alisema nitamchafulia vitu."

Wiki iliyofuata tukaenda Majengo, mkono wake ukiwa kwenye bandeji. Watu walikuwa wanatoka kuswali adhuhuri. Mama akalitupa lile sanduku juu ya meza ya Mzee Athumani. "Wewe mzee, kwa nini ulikataza mtoto yangu kujaribu bolti? Ati atachafua? Angalia mkono yangu!" Watu wakasimama. Mzee akauangalia mkono, kisha akaniangalia mimi. "Binti, ndivyo ulivyomwambia mama?" Nikaangalia viatu vyangu. Mama akafoka, "Usiulize mtoto! Mwizi wewe!" Mzee alingoja kidogo. Nadhani alikuwa ananingoja mimi. Halafu akatoa ile seti nyeusi, akaiweka kwenye mkono mzima wa mama, akasema, "Pole, mama. Chukua hizi." Mama alizichukua, na bado akamwita mwizi tena kabla hatujaondoka. Wanawake wa kikundi chetu cha maziwa walisikia habari hiyo yote, na hakuna hata mmoja aliyenunua kwake tena.

Zile spana nyeusi zipo hadi leo, na hakuna iliyopinda.

Sasa nina binti wa miaka saba na pampu yangu ya maji, na Jumamosi iliyopita nilikwenda sokoni Chaka kununua seti ya kwangu. Mama alikuja nasi. Mwenye duka akaniuliza kama ni za mzee nyumbani, yaani mume wangu, na damu ikaanza kunichemka. Binti yangu hakujali. Alitoa bolti ya pampu, grisi na yote, akaanza kujaribu spana moja moja kwa sauti: "Hii inacheza. Hii pia inacheza." Mama akamfurahia mjukuu wake. "Hivyo hivyo, cucu. Usikubali ukatazwe. Kuna mzee mmoja wa Majengo alikataza mama yako, ona mkono yangu." Mwenye duka akacheka, akasema hao watu wa Majengo ndivyo walivyo, wote.

Wote! Kwa neno moja langu la uongo, watu wa mtaa mzima. Na mtoto wangu anasikia, anaweka akilini.

"Hakukataa," nikasema. Nilisema kwa sauti kubwa, kama alivyofokewa yule mzee, mbele ya watu. "Bolti ilikuwa mfukoni. Niliwaonea haya wasichana wa shule. Aliniambia nichukue zile nyeusi nikakataa mimi."

Mama aliniangalia mpaka nikatamani anipige. "Nimetukana huyo mtu miaka kumi na tano," akasema, "na mdomo ilikuwa yako." Akatoka nje.

Utotoni nilificha bolti ili nisionekane mtoto wa fundi. Binti yangu aliishika juu dukani kama kikombe cha mashindano. Hapo amenipita, na sikumfundisha mimi. Nilipotoka na spana, nilimkuta mama amesimama upande wa barabara wa magari ya kwenda Nyeri. Hatujui kama Mzee Athumani bado yuko. Mama hakugeuka kuniangalia. "Bolti iko wapi?" akauliza. Binti yangu akampa. Aliipokea kwa ule mkono mbaya, akaifunga kwenye leso yake, na tukangoja gari.