Kiti cha Wazinjibari

Mpaka leo nikikumbuka damu inanichemka. Wazee wa mtaa wetu hapa Ibra, Omani, walikutana kwenye sabla, ukumbi wa wanaume, kuunda kamati ya mfereji unaomwagilia mitende yetu. Kila ukoo utoe mtu wake. Ukoo wetu ukataja mtu wake, kisha mwenye sabla akatugeukia mimi na baba, akatabasamu.

"Na nyinyi Wazinjibari mtapata kiti chenu. Msijione mmeachwa."

Kiti chetu! Ukoo uliokwisha kutajwa ndio ukoo wetu. Babu alizaliwa mtaa huu huu, akaenda Unguja, akaoa Mmanyema, akamzaa baba. Na viti vya namna hiyo baba aliviona ujanani. Katika baraza la kutunga sheria la Mwingereza kule Unguja, Mwarabu alikuwa na wake wa kumsemea, Mhindi wake, Mwafrika wake. Baba, mwenye damu mbili, akiuliza: mimi nani ananisemea? Na mama yangu Mmanyema je? Kila mtu aliambiwa akae na wake, na sote tunajua tulivuna nini: mapinduzi na damu. Tukakimbia, tukarudi kwetu, nusu karne tunazikana na kuozana na watu hawa. Mfereji ulipobomoka baba alishinda nao matopeni. Halafu kiti kile kile kitufuate mpaka Ibra! Kweli fadhila za punda ni mateke.

Kahawa ikaletwa. Baba akapokea kikombe, akakiweka chini juu ya mkeka, hakukigusa tena. Sabla nzima ikageuka kukitazama. Huku kwetu mgeni mwenye haja nzito hufanya hivyo: hanywi mpaka mwenye nyumba amkubalie. Mwenyeji hana haja ya kufanya hivyo, husema tu.

Nikamnong'oneza kwa Kiswahili, "Baba, kunywa. Sisi si wageni."

"Najua. Nataka nimsikie yeye atasemaje."

Mwenye sabla akaweka mkono kifuani upesi. "Tafadhal, kunywa, mgeni wetu. Haja yako nimeikubali kabla hujaisema."

Baba akanitazama. "Umesikia?" Kisha akamgeukia mwenye sabla, kwa Kiarabu chake cha Unguja. "Haja yangu ni moja, yaa sheikh. Liondoe hilo neno mgeni, na kiti chako ukichukue."

Kahawa ikapoa palepale mkekani. Nikamshika baba mkono tukavaa viatu taratibu, makusudi, na nyuma yetu hakuna hata mmoja aliyesema, "Rudini, hapa ni kwenu."