Bwawa lililoacha kula

Tarehe 14 Machi 2006, saa moja na nusu asubuhi, mwanamke huyu alisaini kwa mara ya kwanza daftari la zamu la bwawa la majitaka, nyuma ya kiwanda cha maziwa. Hajawahi kuhamishwa. Wenzake humwita Mama Tope, naye huitika.

Kazi yake ni kulisha. Maji yaliyooshea matangi na sakafu humfikia yakiwa meupe, yamejaa mafuta, protini, sukari ya maziwa na sabuni. Bwawani yanawakuta bakteria, mabilioni katika kila kikombe cha tope la kahawia. Mashine huwapulizia hewa, nao huvunjavunja uchafu ule: sehemu wanajengea miili yao, sehemu inatoka ikiwa maji na hewa ya ukaa. Kila asubuhi Mama Tope huchota tope katika chupa ndefu ya kioo na kungoja nusu saa. Likizama na kuacha maji maangavu juu, siku imeanza salama.

Jumanne ya wiki hii halikuzama. Povu jeupe lilifunika bwawa, na harufu ya maziwa yaliyochacha ikafika ofisi ya meneja. Mama Tope alipima hewa majini, akaikuta nyingi kuliko kawaida, akashukuru. Uchachu na joto havikuwa na kasoro. Akabadilisha kichujio cha mashine ambacho hakikuwa na kosa. Jumatano akapunguza maji yanayoingia. Alhamisi akayaongeza, kisha akashindwa kukumbuka kwa nini. Nyumbani alitia chumvi kwenye chai, na mumewe akainywa hivyo hivyo.

Meneja alimwambia Mama Tope kwa sauti ya chini kwamba mkaguzi wa mazingira anakuja Jumatatu, na sampuli ikikataliwa, bwawa litakabidhiwa mkandarasi. Hakusema yeye atapelekwa wapi.

Ijumaa Mama Tope alikwenda mapokezi ya maziwa kuazima ndoo. Anayepokea maziwa ni mdogo wa mumewe, mtu wa utani tangu siku ya harusi.

"Shemeji, nasikia watoto wako wamegoma kula. Wape pilipili."

Mama Tope hakucheka. Alikuwa akimtazama akimimina debe zima la maziwa kwenye mfereji wa sakafuni. Aliuliza yana nini. Shemeji akaeleza kuwa ng'ombe alichomwa sindano ya ugonjwa wa kiwele, na dawa bado imo. Zamani maziwa kama hayo walirudishiwa wafugaji, lakini wengine wakayauza kwingine, hivyo tangu Jumatatu yanamwagwa papo hapo. Siku ya kwanza lilimwagwa gari zima.

"Hiyo dawa inaua nini?"

"Bakteria, shemeji. Si ndiyo kazi ya..." Akaliweka debe chini.

"Na mimi nafuga nini kule nyuma?"

Alirudi bwawani na kusimama kando ya kipimo cha hewa. Sasa alielewa kwa nini hewa ilikuwa nyingi: hapakuwa na wa kuivuta. Siku nne alikuwa amesoma kilio kama habari njema. Mengine hayakumwelea. Mkemia wa kiwanda anasema huenda si dawa peke yake, bali wingi wa maziwa yenyewe. Amri ya kumwaga ilikuwa ya haki, ililinda wanywaji. Shemeji aliitii. Mama Tope alipoketi kuandika ripoti alifuta mstari wa "chanzo" mara tatu, kisha akaandika yote mawili, dawa na wingi, na jina la mtu hakuliweka.

Maziwa yaliyokataliwa sasa yanakusanywa kwenye tangi la pembeni. Leo Jumamosi limeingia gari la tope hai kutoka kiwanda kingine, na bakteria wake wanahitaji wiki mbili kuzoea chakula kipya. Mkaguzi atafika Jumatatu saa tatu. Mama Tope atamwambia maji hayajawa safi, atampa ripoti, kisha atamshikia chupa ajaze sampuli.