Mchanga Mweupe Ndani ya Kalibu

Saa nne na dakika ishirini asubuhi nilianza kumimina shaba. Dakika moja baadaye kalibu ya mchanga niliyokuwa nikiimiminia ikatokota, shaba ikaruka na kuniunguza mkono wa kushoto.

Ulikuwa mwaka wa nne baada ya Mapinduzi. Madukani shaba haikupatikana, kwa hiyo nilikuwa nimeyeyusha kinu cha shaba cha marehemu mama ili nisubu bushi, pete ya mhimili wa pampu ya kisima cha msikiti wa mtaani. Kilitosha bushi moja tu. Sasa nusu yake ilikuwa imetawanyika kwenye udongo wa sakafu, na iliyobaki ilitoka na matobo kama mkate wa kumimina.

Kalibu aliishindilia shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, niliyekuwa nikifanya kazi naye. Alikwishachanganya mchanga na udongo na sukari guru, hata rangi ya mchanga wenyewe sikuiona.

"Umetia mchanga gani?"

"Wa pwani ya Kiwengwa, shemeji. Mweupe pee! Ule wako wa shimoni nshaumwaga, rangi kama kutu."

Ule wa shimoni ulinichukua siku tatu. Niliuosha mpaka maji yakatoka safi, nikapitisha sumaku kuondoa chembe za chuma, nikauroweka katika maji ya ndimu kuyeyusha vipande vya kombe, nikausuuza, nikauanika. Kilichobaki kilikuwa silika, kitu kile kile kinachofanyiwa kioo, ambacho moto wa kuyeyushia shaba haukidhuru. Mchanga mweupe wa pwani yetu ni matumbawe yaliyosagika. Ukipata moto mkali hutoa hewa, na hewa hiyo lazima itafute pa kutokea.

Nilimweleza kama nilivyosoma katika vitabu vyangu viwili vya kusubu. Nikakamulia ndimu mchanga wake, ukatoa povu. Nikakamulia chembe za wangu zilizosalia ndani ya karai. Hazikutoa povu.

"Loo! Ndimu zote hizo, leo tunapika urojo?" akacheka.

"Tazama basi!"

"Ntazame nini? Vitabu vyako viwili hivyo vitakutia wazimu, bwana mkubwa."

Kutojua ningemsamehe, hata mimi nilichelewa kujua. Lakini povu lilikuwa mbele ya macho yake, akageuza uso. Jioni ile ile aliwaambia watu barazani kwamba mimi ndiye niliyezidisha moto. Mpaka leo nikilikumbuka hilo damu hunichemka.

Shaba nyingine sikuwa nayo. Nilikwenda msikitini nikakiri kwamba kazi imenishinda, nikarudisha arubuni, na watu wakaendelea kuteka maji kwa ndoo. Arubuni shilingi thelathini, makaa shilingi sita, dawa ya mkono shilingi mbili na nusu. Jumla ya hasara, mbali na kinu cha mama: shilingi thelathini na nane na senti hamsini.