Buluu Aliyoichagua Baba

Juzi mjukuu wangu alifungua chupa ya wino mezani pangu, na kabla hajachovya kalamu nilishaisikia ile harufu: kama msumari uliolala mvuani, kisha ukatiwa siki kidogo. Akaniuliza, "Nyanya, mbona umefunga macho?" Nilikuwa nimeshafika Majengo, Meru, miaka ile ya Hali ya Hatari, wakoloni wakiwasaka wapiganaji wa msituni, msichana mdogo mwenye masizi ya sufuria viganjani.

Tulikaa nyuma ya msikiti, katika vyumba viwili vya kupanga. Baba alikuwa karani wa mzee wa mtaa. Mzee mwenyewe hakujua kusoma, lakini serikali ilimtaka atoe barua kwa kila mtu wa mtaa wake aliyetaka kusafiri, maana siku hizo Mmeru, Mwembu au Mkikuyu hakuvuka kizuizi cha barabarani bila pasi. Basi Baba aliandika jina la mtu, anakokwenda, sababu na siku ya kurudi, mzee akaweka dole gumba, na ofisini kwa Diisii, mkuu wa wilaya, ikagongwa muhuri. Mwandiko wa Baba ulisifiwa hata na watu wasiojua kuusoma.

Siku zote alitumia wino wa buluu iliyong'aa, buluu ya anga la asubuhi Mlima Kenya ukiwa wazi. Niliupenda mno. Chupa ilipokwisha nilimfuata dukani kwa Bwana Popat nikiwa na hakika tunakwenda kununua mwingine uleule.

Lakini Baba hakununua. Alisimama kwenye kaunta, akaomba ajaribu. Bwana Popat alikuwa na buluu za aina tatu: ile yangu, nyingine iliyoelekea zambarau, na ya tatu iliyotoka hafifu kalamuni, rangi ya maziwa yaliyotiwa maji. Hiyo ya tatu niliidharau papo hapo.

"Karani, wino ni wino," Bwana Popat alisema.

"Nitilie kidogo kidogo," Baba akamjibu, akatoa mfukoni vichupa vya dawa.

Tulipofika nyumbani tulimkuta mjomba Sadiki, kaka yake Mama, mwenye bucha karibu na msikiti. Alikuwa amepata habari kwamba Bibi, mama yao, ni mgonjwa sana huko Kianjokoma, upande wa Embu. Alitaka pasi aondoke kesho yake asubuhi.

"Kesho utaipata," Baba alimwambia. "Lakini jioni. Kwanza niupime wino."

Mama aliweka mwiko chini. Mama yangu hakuwa mtu wa kupiga kelele, ndiyo maana nakumbuka sauti yake siku ile. "Baba Rukia! Mama yangu yuko kitandani na wewe unacheza na rangi?"

Baba alichukua mkasi. Alikata karatasi vipande, akaandika jina langu kwa kila wino. Ule wa zambarau ulitambaa kwenye karatasi mpaka "Rukia" ikaota ndevu. Ule nilioupenda ulikaa vizuri, ukakauka upesi, ukapendeza. Ule hafifu ulikwamakwama kwenye ncha ya kalamu, Baba akawa anaiosha kwa maji ya vuguvugu huku Mama akigonga masufuria bila sababu. Tukaacha karatasi zikauke hadi kesho yake mchana.

Hapo nikaona ajabu. Ule hafifu ulikuwa umekolea, umekaribia weusi. Baba alileta karai, akanipa mimi kazi ya kuzizamisha. Jina langu la buluu ya anga liliinuka kutoka kwenye karatasi kama moshi, likaenea majini, likapotea. Nililia. Lile jeusi halikusogea. Baba alilisugua kwa kidole, akalisugua tena, kisha akaenda dukani mbiombio kununua chupa nzima, akaandika pasi ya Mjomba ikawahi muhuri kabla ofisi haijafungwa.

Mjomba aliondoka na lori alfajiri iliyofuata, amechelewa siku nzima kwa ajili ya wino, na Mama akarudi kugonga masufuria yake.

Kisha mvua ikaja. Mvua ya Meru haikuombi ruhusa. Ilinyesha mpaka barabara ikawa uji. Siku ya Mjomba kurudi ikapita. Mtu aliyepitisha siku ya pasi yake ilijulikana anakopelekwa: kambini, nyuma ya seng'enge. Bucha ilibaki imefungwa. Mama alipika chai akaisahau. Baba alikuwa akienda mlangoni, anatazama barabara, anarudi, anakaa.

Mjomba alitokea saa za alasiri, miguu peku, matope hadi kiunoni. Mama alimshika mashavu kwa mikono miwili.

"Mama anakula," ndilo neno la kwanza alilotoa Mjomba. "Juzi ameitisha muthokoi, yale mahindi yake na maharagwe."

Mama alikaa chini palepale uani, akacheka na kulia pamoja. Hapo ndipo Mjomba alipotusimulia. Lori lilikwama, wakatembea kwa mvua. Kwenye kizuizi waliambiwa wachuchumae kwenye matope, na askari akaanza kusoma pasi.

"Mimi nikajua leo nimeisha. Karatasi ilikuwa imelowa kama mkate kwenye chai. Lakini jina langu liko, Kianjokoma iko. Akaniuliza mbona nimechelewa, nikamwonyesha barabara. Akaniambia enda. Huyo mwenye alikuwa kando yangu, yake ilikuwa imekuwa maji ya buluu tu. Walimpandisha gari yao."

Baba aliuliza polepole, "Alikuwa mtu wa wapi?"

"Wa Chuka, alisema."

"Si wa hapa kwetu?"

"Si wa hapa, shemeji."

Baba alishusha pumzi ndefu. Kisha akavaa kofia, akanipa chupa ya wino niibebe, tukazunguka Majengo nzima. Kila mtu aliyekuwa bado na pasi yenye buluu ile ya zamani, wachuuzi na wanunuzi wa mbuzi, alimwandikia upya juu ya maneno yaleyale. Mimi nilitembea kwa maringo, nikidhani Baba anaringia wino wake mpya.

Tuliporudi alilala mkekani kabla ya isha, akakoroma vibaya sana. Mama alimfunika kwa leso yake mwenyewe, akanikonyeza: "Leo ng'ombe wa nani huyu amekuja kulala kwetu?"

Nilikuwa mtu mzima, nina watoto wangu, nilipoyaelewa yale maswali mawili. Baba hakuwa akimuulizia yule mtu wa Chuka. Alikuwa akiuliza kama ni mkono wake uliompandisha kwenye gari lile. Na tangu siku gani alikuwa akitazama mawingu na kuwaza majina ya watu mifukoni mwao, hilo hakutuambia.