Nilimjibu Mtaliana, Zuhura Nikamficha

Nakumbuka siku moja ya Ijumaa, mwanangu, tumekaa kandoni mwa mabwawa ya Wadi Bani Khalid, mimi na Zuhura. Sote wawili tulitoka Unguja, tukifanya kazi za nyumbani mjini Ibra, huko Omani, kila mtu kwa matajiri wake. Mwaka ule matajiri wa Zuhura walimchukua Umra. Wangu hata Maskati hawajanipeleka.

Karibu yetu alikaa mama mmoja wa Kitaliana. Lugha yao naijua kidogo, maana usichanani mwangu nilitandika vitanda katika hoteli ya Kiwengwa. Nikamsimulia Umra ya Zuhura, na Zuhura mwenyewe yupo, anatumiminia kahawa. Yule mama akaniuliza, "La invidi?" Yaani, unamwonea kijicho?

Kwetu hakuna anayekuuliza hivyo usoni. Labda ndiyo maana nikasema kweli. "Sì, tanto." Ndiyo, sana.

Dele la kahawa likasimama hewani.

"Sana, shoga?" akasema Zuhura. "Na tende zangu unazila!"

Kumbe ameelewa. Kitaliana nilimfundisha mimi mwenyewe, Ijumaa baada ya Ijumaa, ili tuwe na lugha ya siri mbele ya matajiri. Kisha nikajidanganya kwamba hakushika kitu.

"Hebu niambie kwa Kiswahili," akasema. "Nimekukosea nini?"

"Natania tu, we! Yule mgeni, nimemjibu ovyo."

Akanitazama sana. "Haya. Mimi pale Makka nilikutaja kwa jina. Nilikuombea na wewe uitwe huko."

Hata hapo, mwanangu, sikusema.

Hakuninunia. Aliendelea kunipigia simu, nami kila mara nikijiambia, nitamwambia Ijumaa. Haikupita miezi mitatu akaanguka jikoni kwa matajiri wake, hakuinuka tena. Nilikuwa miongoni mwa waliomwosha. Nikamwinamia, nikamwambia yote sikioni, kwa Kiswahili, wanawake wenzangu wameduwaa. Mpaka leo siamini kwamba nilingoja mpaka pale.

Kijicho humwingia mtu yeyote. Muombe Mungu akutoe. Lakini ukiulizwa na mwenyewe, mwambie, hata sauti ikikutetemeka. Mimi nilimpa ukweli mgeni nisiyemjua, rafiki nikampa uongo, kwa kuogopa kumkosa. Nimemkosa vile vile, na msamaha wake sikuupata.

Mwenyezi Mungu akufungue ulimi, mwanangu, angali hai wa kukusikia. Amin.