Gari Lisilokuwa na Stata

Mwaka ule tulikula maboga asubuhi na jioni, maana viwavi walikuwa wamemaliza mahindi. Mjukuu wangu akijipaka mafuta ya mbarika kichwani, mwaka ule unanirudia puani. Mafuta hayo hayo ndiyo kalasinga mmoja, Mhindi wa kilemba mwenye gereji alikofanya kazi baba, alikuwa akitia kwenye injini ya gari lake la mashindano.

Alikuwa bingwa wa Nakuru nzima. Aliwashinda wazungu kila msimu, na huo ulikuwa msimu wake wa mwisho, kwa sababu macho yalikuwa yanaisha. Gari halikuwa na stata. Baba na wenzake wa gereji ndio waliokuwa wakilisukuma mpaka liwake, lakini wiki ile ya mashindano askari wa mkoloni walikuwa wamewazoa wote katika msako na kuwapakia kwenye lori. Basi tukaenda uwanjani kulisukuma, mama na mimi, matope ya shamba bado miguuni.

Mzungu aliyeshika bendera ya kuanzisha mashindano akaniona. "Wewe toto, toka hapa."

"Sitoki. Gari hili nalisukuma mimi."

Kalasinga akacheka ndani ya ndevu zake, akaniita kama waitwavyo wake wa wazungu. "Memsaab amesema."

Tukasukuma, likawaka, moshi ukanijaa mdomoni. Aliongoza mpaka mzunguko wa mwisho, kisha gari likazimika mbele ya jukwaa, karibu kabisa na mstari wa kumalizia. Watu wakapiga miluzi. Yule wa bendera akaja na trekta na kamba ya kulivuta.

"Toka, toto. Huyu amekwisha."

Mama alikuwa ameshaegemeza bega. Nikaweka langu, bati likiniunguza, nikamwambia yule mzungu:

"Sitoki. Gari hili nalisukuma mimi."