Ujumbe Uliomfikia Baba

Hadi leo nikikutana na shangazi yangu sokoni natazama pembeni, kwa aibu niliyojitafutia mwenyewe, mchana kweupe, pale mtaani kwetu, Kabeza.

Kazi yangu ni kupima zana za watengeneza programu, kuona kama wakala wa akili mnemba (programu inayopewa kazi ikajiendea yenyewe) anaweza kuzitumia bila kupotea. Jumapili moja asubuhi nilikuwa na zana ya kutuma ujumbe wa simu, na mimi, kwa uvivu wa kubuni majina, nikampa wakala namba na jumbe zote za kwenye simu yangu, nikamwambia awaalike jamaa zangu chakula cha mchana nyumbani, awaelekeze na njia, tena aandike kama ninavyoandika mimi, nikaiweka zana kwenye hali ya majaribio (hapo hakuna kinachotumwa kweli), nikazima mlio wa simu, nikaenda kanisani na mama.

Tuliporudi, shangazi alikuwa getini na wanawe na kreti ya soda. Ndani tulikuwa na sufuria moja ya maharage, ya watu wawili.

"Si umenialika mwenyewe," akasema, akanionyesha simu yake. Maneno yalikuwa yangu kabisa, hadi ule utani wa kumwita bosi. Lakini sikuyaandika mimi.

Nikafungua kompyuta, wote wakinitazama. Kumbe idadi ya jumbe za majaribio ilipofika kikomo, zana ilimwambia wakala ahamie hali halisi, naye, mtiifu, akahamia. Hakuna mahali ilipomweleza kwamba huko ni watu wa kweli.

Hapo simu yangu ikatetemeka mezani. Mama akaitazama, akanisogezea. Jina lilikuwa Baba. Chini yake: "Nimefika getini, mwanangu."

Baba tulishamzika. Namba yake sikuwahi kuifuta.

Geti likagongwa. Hakuna aliyeinuka, mpaka mama akaenda mwenyewe, taratibu, akijifunga kitenge upya. Nje alisimama mzee mwenye koti, ameshika mfuko wa maparachichi.

"Mimi natoka Rwezamenyo. Hii namba nilinunua mwaka jana tu," alisema, akitutazama mmoja mmoja. "Niko na binti, hatuongei. Ujumbe uliniita Baba, nikafikiri ni yeye."

Nikaanza kueleza habari za zana na wakala, nikajisikia ninavyoongea upuuzi, nikampokea mfuko.

"Karibu ndani, mzee," mama akasema, akamkalisha kwenye kiti cha baba.

Siku hizi nabuni kila jina, hata ikinichukua kutwa nzima. Zana ile niliipa alama ya chini kabisa, nikaandika na sababu, ila ile habari ya mzee kula maharage yetu, mama akimuuliza binti yake anaitwa nani, sikujua niiandike wapi.